Mbiru: Walipa kodi wa kijijini walipoungana Same

MUULIZE mnunuzi wa mahindi kwa nini bei anayompa mkulima ni ndogo. Atakujibu: "Ushuru, mzee." Gari lake litasimamishwa kwenye geti la mazao, halmashauri itachukua chake, naye amekwishakata fedha hizo kwenye bei kabla hajafika shambani.

Kisheria mlipaji wa ushuru wa mazao ni mnunuzi. Kiuchumi, sehemu kubwa ya mzigo humwangukia mkulima. Lakini kwa kuwa hapewi stakabadhi wala hatoi fedha mkononi, hajioni kuwa mlipaji. Ndiyo maana tuna vyama vingi vya wauza mazao, ila ni shida kumpata mkulima aliye katika chama cha walipa kodi wa kijiji chake.

Haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watawala wa Kiingereza na machifu wa Upare walianzisha kodi ya nyongeza kwa ajili ya hazina ya wenyeji. Kodi ya kichwa ilikuwa sawa kwa wote, lakini hii mpya ilipanda kwa kadiri ya mali ya mtu: kahawa yake, mifugo yake, mazao yake. Watu wakaiita mbiru.

Kwenye karatasi, kodi ya namna hiyo ni ya haki zaidi kuliko ya kichwa. Sisi wachumi tunafundishwa hivyo chuoni. Tatizo lilikuwa nani anakadiria. Mkulima wa milimani hakuwa na daftari la mapato, hivyo kipato chake kilikisiwa na watu wa chifu. Jirani wawili wenye mashamba yanayofanana wangeweza kupewa viwango tofauti, na pa kukata rufaa palikuwa kwa wale wale waliokadiria.

Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milimani, Usangi na Mamba miongoni mwa sehemu walizotoka, wakaenda makao ya wilaya, Same. Hawakuvunja kitu. Walikaa hapo kwa zamu, majuma yakawa miezi. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliandamana, wakidai jambo limalizwe waume zao warudi nyumbani. Hata asiyejua uchumi anaelewa gharama ya kuacha kahawa na mifugo miezi yote hiyo.

La kuzingatia ni kwamba hawakukataa kuchangia. Walichokikataa ni kukadiriwa kwa kukisia. Kabla ya muongo ule kwisha, mbiru ilikuwa imefutwa.

Turudi kwenye geti la mazao. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima aliidaiwa na aliijua vizuri, ilifutwa. Wengi walishangilia, nami sina sababu ya kuitetea, maana ilikimbiza watu porini. Ila ilipoondoka, halmashauri za vijijini zilizidi kutegemea ushuru ambao mlipaji wake hauoni.

Mwaka 2017 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapovuka halmashauri. Chukua mfano wa gunia la Sh50,000. Ushuru ulikuwa Sh2,500, ukawa Sh1,000. Mwenye magunia 30 angepaswa kubaki na Sh45,000 zaidi. Je, bei ya shambani ilipanda kiasi hicho? Pasipo na kikundi kinachoandika bei ya kila msimu, mnunuzi ndiye anayejijibia.

Hapo ndipo chama cha walipa ushuru kingekuwa na kazi, tena isiyohitaji ofisi wala mfadhili. Kinahitaji daftari la bei na nakala za stakabadhi za getini, kisha mtu wa kusimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, aulize mahindi ya kijiji yameingiza kiasi gani halmashauri na kimerudi kiasi gani. Diwani akiulizwa na mtu mmoja atasema atafuatilia. Akiulizwa na watu 60 walioshika karatasi, itabidi aje na hesabu.