Koti, Jaketi au Kizibao? Vazi la Juu la Mwendeshaji Bodaboda wa Nuu

Nuu ni eneo la kaunti ya Kitui, kusini mwa barabara kuu iendayo Garissa kupitia Mwingi. Mnyama wa kazi huko ni punda, na kazi yake kubwa ni kubeba maji. Farasi huonekana katika filamu tu. Kipando ambacho mtu hukikalia kwa kutanua miguu, akakishika kwa mikono miwili na kuukabili upepo kwa kifua, ni pikipiki. Tangu Kenya ilipopunguza kodi za pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimeenea vijijini kote, na pamoja nazo limezuka swali ambalo wapanda farasi wa nchi nyingine wamelijadili kwa muda mrefu: mtu aliye juu ya kipando avae nini kiwiliwilini?

Swali hili ni la mavazi, lakini pia ni la msamiati. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanamtaka mpanda pikipiki avae kofia ngumu na jaketi lenye viakisi mwanga. Neno lililotumika ni jaketi. Kinachouzwa madukani na kuvaliwa barabarani, hata hivyo, ni kitambaa chepesi kisicho na mikono, chenye rangi kali na mistari miwili au mitatu ya fedha. Mswahili ana jina la vazi fupi lisilo na mikono livaliwalo juu ya vazi jingine: kizibao. Lugha hii imezoea kuyatofautisha mavazi ya juu. Joho si kabuti, kabuti si koti, na hakuna anayekiita kizibao joho. Neno jaketi limekuja likaufunika utengano huo, na madhara yake hayaishii kamusini. Kijana akishavaa kizibao cha kuakisi, husadiki kwamba amevaa jaketi, na kwamba shuruti la usalama limetimia. Kumbe ametimiza nusu tu: ameonekana, lakini hajakingwa.

Hata huko kuonekana kuna masharti yake. Rangi ya manjano inayokaribia kijani hung'aa mchana kwa sababu huyapokea mawimbi ya jua yasiyoonekana kwa macho na kuyatoa yakiwa mwanga unaoonekana. Usiku rangi hiyo haina kazi. Usiku hutegemewa mistari ya fedha, ambayo huurudisha mwanga wa taa kule kule ulikotoka, yaani machoni pa dereva anayekuja. Jua la Ukambani huifubaza rangi, na vumbi jekundu la barabara za changarawe huiziba mistari. Anayenunua anaweza kukijaribu kizibao kwa urahisi: kitundikwe gizani, mtu asimame hatua ishirini mbali nacho, ashike tochi ya simu kando ya jicho na kumulika. Mistari isipowaka, hicho ni kitambaa cha manjano tu, wala bei yake isimhadae mtu.

Sasa upepo. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hukutana na upepo wa kasi hiyo hiyo hata siku ambayo jani halitikisiki. Upepo huo huliondoa tabaka la hewa yenye joto lililoizunguka ngozi. Ndiyo maana, hata katika nchi ya joto kama Nuu, mwendeshaji anayetoka alfajiri ya mwezi Julai hufika akitetemeka. Waendeshaji wengi huamini kwamba upepo wa kifuani ndio uletao numonia. Tabibu atawaambia kwamba numonia huletwa na vijidudu. Lakini baridi ina hatari nyingine iliyo wazi zaidi: vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kushika breki.

Jibu la waendeshaji kwa tatizo hili linajulikana kote nchini, nalo ni kulivaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni na mgongo kifuani. Wapitao huwacheka, ila hoja yao ni nzito. Zipu ni ufa, na upepo hupenya palipo na ufa. Upande wa mgongo hauna ufa. Hasara zake nazo hazifichiki. Ukosi humkaba mvaaji kooni, mikono iliyoshonwa kukunjwa upande mmoja hulazimishwa kukunjwa upande mwingine, na nyuma jaketi hubaki wazi likipepea, mara nyingi likikifunika kizibao chenyewe kilichovaliwa ndani. Afadhali mtu atafute jaketi lenye ulimi wa kitambaa nyuma ya zipu, au amwombe fundi cherehani amshonee. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ulaya walikuwa wakitia gazeti kifuani chini ya fulana kabla ya kuteremka milima. Gazeti la jana linaweza kufanya kazi hiyo Nuu vilevile.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni ardhi. Mtu akianguka na kuburutwa juu ya lami au changarawe, fulana ya pamba huchanika mara moja na ngozi hufuata. Vitambaa vyepesi vya poliesta, ambavyo ndivyo vizibao vingi, huweza kuyeyuka kwa joto la msuguano na kunata kwenye kidonda. Ngozi ya ng'ombe hustahimili kuliko vyote, kisha turubai na jinzi nzito. Kwenye mitumba makoti ya ngozi hupatikana, lakini mengi yalishonewa nchi za theluji na yana bitana nene. Ifikapo saa sita mchana mwenyewe hulivua na kulifunga kwenye tangi la mafuta, na koti lililofungwa kwenye tangi halimkingi mtu. Kwa Nuu, basi, bora koti la jinzi nzito lisilo na bitana, ambalo litakaa mwilini kutwa, kuliko la ngozi litakalovuliwa adhuhuri.

Kuhusu mshono, wapanda farasi wa magharibi ya Marekani wana la kufunza. Shati lao ni la mikono mirefu, hubana mwili na huchomekwa, ili lisinaswe na ile pembe ya mbele ya tandiko. Vifungo vyake ni vya kubonyeza, ambavyo hufunguka vyenyewe nguo ikinaswa. Jaketi lao huishia kiunoni kwa sababu refu hukaliwa. Koti lao la mvua, kinyume chake, ni refu lenye mpasuo nyuma, ili lifunike mapaja pande zote mbili za kipando. Mwendeshaji wa Nuu afanye majaribio hayo hayo kabla ya kulipa: akalie pikipiki, anyooshe mikono hadi kwenye usukani, atazame kama mikono ya jaketi inapanda hadi kiwiko na kama mgongo unabaki wazi. Koti la mvua za Oktoba hadi Disemba liwe na njia ya kufungwa miguuni, kwani pindo linalopepea huvutwa na mnyororo au spoku za gurudumu la nyuma.

Hatari hiyo ya pindo humpata abiria zaidi, na hasa mama aliyembeba mtoto kwa leso. Sheria inamtaka abiria naye avae kofia na jaketi lenye viakisi, lakini ni nadra kumwona bodaboda mwenye la pili. Anayenunua moja angenunua mawili, na la abiria liwe kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya nguo zote, leso ikiwa imechomekwa ndani kabla ya injini kuwashwa.