Simu Haina Pua

Mtazame mama anayenunua kanga Kariakoo. Muuzaji hajamaliza kutaja bei, yeye keshashika pindo. Anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, anainyanyua kwenye mwanga aone kama nyuzi zimebanana, kisha anaisogeza puani. Kanga mpya ina harufu yake ya rangi na wanga, na mkono uliozoea hutambua upesi kama wanga huo umejazwa kuficha uhafifu wa pamba. Ikiwa ndivyo, doti ikifuliwa mara mbili inalegea kama shashi. Hatua chache mbele mtu anapigapiga tikitimaji kwa kiganja huku ametega sikio, na kule soko la samaki la Feri hakuna mzoefu anayetoa hela kabla ya kumfunua samaki mashavu na kuona wekundu.

Hivyo ndivyo milango mitano ya fahamu ilivyomtumikia mnunuzi, kama walinzi wa mfuko wake. Lakini mlango hauchagui wa kumpitisha, na muuzaji naye amejifunza kupita humo humo.

Mwaka 1997 Adrian North na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha katika jarida la Nature jaribio walilolifanya kwenye supamaketi moja ya Uingereza. Kwa wiki mbili, karibu na rafu yenye mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani wa bei zinazolingana, walipiga muziki wa kodiani wa Kifaransa siku moja na wa matarumbeta ya Kijerumani siku iliyofuata. Siku za Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa na 8 tu za Ujerumani. Siku za Kijerumani mambo yakageuka: 22 za Ujerumani, 12 za Ufaransa. Kinachostahili kututia wasiwasi ni majibu ya wanunuzi wenyewe. Kati ya 44 waliokubali kuhojiwa, 6 tu ndio waliosema huenda muziki uliwaelekeza. Waliobaki waliamini wamechagua kwa akili zao.

Sikio hudanganya hata ulimi. Mwaka 2004, Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwavisha watu hedifoni na kuwapa krispi za Pringles waziume kwa meno mbele ya maikrofoni. Mlio wa meno yao wenyewe ukarudishwa masikioni, wakati mwingine umeongezwa ukali, wakati mwingine umefifishwa. Mlio ulipoongezwa, watu waliona krispi ni mpya na kavu zaidi; ulipofifishwa, waliona zimelala. Krispi zilikuwa zile zile.

Pua nayo ina hesabu zake, ingawa huku kwetu hilo si jipya. Wauza manukato wa Muscat na Zanzibar walikuwa wakifukiza udi mlangoni kabla hajazaliwa mtaalamu yeyote wa masoko, na mpita njia alijua wazi anaitwa.

Kisha ikaja simu ya mkononi, ikauacha nje ulimi, pamoja na walinzi wawili wakali kuliko wote: pua na ncha za vidole. Vilivyobaki ni jicho na sikio, navyo ndivyo vyepesi kughilibiwa kwa picha iliyong'arishwa na muziki mtamu. Kidole kipo, ni kweli, lakini kinagusa kioo. Ajabu ni kwamba hata mguso huo mtupu una nguvu. Adam Brasel na James Gips wa Boston College walionyesha mwaka 2014 kwamba waliochagua bidhaa kama sweta kwa kugusa kioo cha tableti walijiona wamiliki wake zaidi kuliko waliotumia kipanya cha kompyuta, na walidai bei kubwa zaidi ili waiachie. Mkono unapoipapasa picha, moyo unaanza kusema "changu."

Malipo yenyewe nayo yamepoteza mguso. Utafiti wa Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba wanafunzi walioambiwa watalipia tiketi za mpira wa kikapu kwa kadi walitaja dau lililozidi mara mbili ya lile la walioambiwa watalipa taslimu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni wamepata usalama na wepesi ambao hakuna anayetaka kuurudisha nyuma. Hata hivyo, noti ya elfu kumi ikitoka mfukoni huonekana ikienda, na pochi huwa nyembamba. Namba ya siri haimpunguzii mtu uzito wowote mkononi.

Wanunuzi hawajakaa kimya. Wanaofuatilia mauzo ya mubashara kwenye TikTok na Instagram wamewazoesha wauzaji kazi mpya: "Dada, kivute tukione," "Kigeuze ndani," "Kina bitana?" Muuzaji analivuta gauni mbele ya kamera, anaingiza kiganja ndani ili watu waone kama linaonyesha, anafungua na kufunga zipu karibu na maikrofoni. Anawaazima watazamaji vidole vyake. Ni msaada wa kweli, ila vidole hivyo bado ni vya anayeuza.

Ndiyo maana wengi wanashikilia sharti la kulipa mzigo ukishafika, utaratibu ambao hata maduka makubwa ya mtandaoni kama Jumia yalilazimika kuukubali Afrika. Bodaboda anapiga honi getini. Mteja anapokea mfuko, anaufungua hapo hapo, anasugua pindo kati ya vidole viwili, analileta gauni puani. Dereva anasubiri, injini ikinguruma. Mteja akisharidhika, ndipo anapoitoa simu na kuuliza, "Haya, nitumie namba gani?"