Uungu wa Kiti, si wa Damu: Mapokeo ya Kubandwa na Uundaji wa Mhusika wa Mungu Aliyerejea katika Michezo ya Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mhusika wa mungu aliyerejea duniani anavyoweza kuundwa katika mchezo wa mtandaoni wa kuigiza wahusika kwa kutumia mapokeo ya kubandwa ya Rwanda, hasa masimulizi ya Ryangombe, yanayofungamana na milima iliyo jirani na Gisenyi, wilayani Rubavu. Hoja kuu ni kwamba michezo mingi humpa mhusika wa aina hii uungu kwa njia ya damu, ilhali mapokeo ya Maziwa Makuu huutoa kwa njia ya kiti ambacho mtu hukikalia baada ya kupokewa na wenzake. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee nchini Rwanda. Makala yanabainisha kanuni tano za uundaji na kuzihusisha na sera za urithi wa utamaduni.

1.0 Utangulizi

Gisenyi ni mji wa mpakani, kando ya Ziwa Kivu, uliopakana na Goma ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kiswahili hutumika katika biashara inayovuka mpaka huo kila siku, na tangu mwaka 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Karibu na mji huo ipo milima miwili ambayo masimulizi ya kale yaliipa kazi zinazopingana: Karisimbi, wenye kimo cha mita 4,507, na Nyiragongo, volkano hai ya upande wa Kongo, ambayo mwanga wake mwekundu umeonekana mara nyingi usiku kutoka Gisenyi.

Katika masimulizi hayo, Karisimbi ni makao ya Ryangombe na ya wote waliopokewa katika ibada yake baada ya kufa. Nyiragongo ni moto wa wale ambao hawakupokewa. Kwa mbunifu wa michezo, hii ni hazina iliyo tayari: kuna mungu, kuna pepo, kuna jehanamu, na ramani inajulikana. Hata hivyo, urahisi huo ndio unaozaa tatizo. Mbunifu anaweza kuchukua majina na milima, kisha akaacha mantiki iliyovifunga pamoja. Makala haya yanachunguza mantiki hiyo.

2.0 Mungu Aliyerejea katika Desturi ya Michezo

Mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974, uliweka msingi wa michezo mingi ya kuigiza wahusika. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kutunga MUD, mchezo ulioruhusu watu wengi kukutana katika ulimwengu mmoja kupitia kompyuta. Neno avata, ambalo leo hutaja umbo la mchezaji katika ulimwengu huo, lina asili ya Kisanskriti na maana yake ni kushuka, yaani mungu kushuka duniani akiwa na mwili. Kwa hiyo wazo la mungu aliyevaa mwili limo ndani ya istilahi ya msingi ya michezo hii, hata pale mchezaji anapoigiza mwizi au mfua chuma.

Kwa kawaida, mhusika wa mungu aliyerejea hujengwa hivi: mungu alikufa au alifukuzwa zamani, akazaliwa tena katika mwili wa kijana asiyejijua, alama ya mwilini, ndoto au nguvu za ghafla zikamfichulia asili yake, na kadiri anavyoshinda vita ndivyo anavyorejeshewa uwezo wake wa zamani. Mfumo huu una kasoro mbili za kiuchezaji. Mhusika huwazidi wenzake tangu mwanzo, hivyo wengine hubaki kuwa wasindikizaji. Aidha, mgogoro wake huwa mwepesi, kwa kuwa jibu la swali "mimi ni nani?" limekwisha kuandikwa katika kuzaliwa kwake.

Kasoro ya tatu ni ya kijamii. Katika michezo ya ukoo huu, hatua ya kwanza ya kuunda mhusika ilikuwa kuchagua mbari yake, na mbari hiyo iliamua nguvu, akili na tabia zake. Mwezi Desemba 2022 wachapishaji wa Dungeons & Dragons walitangaza kuacha neno hilo na kutumia neno lenye maana ya spishi. Kwa msomaji wa Kiswahili suala hili haliishii katika istilahi, kwa sababu neno mbari ndilo lililozaa istilahi ya mauaji ya kimbari. Utawala wa Wabelgiji uliingiza kabila katika vitambulisho miaka ya 1930, na wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika vizuizini kuamua nani auawe. Gisenyi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoshuhudia hayo. Mchezo unaomtaka kijana wa Rubavu aanze kwa kuchagua damu ya mhusika wake, kisha umwambie kwamba damu hiyo ndiyo uungu, unarudia fikra ambayo nchi ililipia kwa uhai wa watu wengi.

3.0 Mantiki ya Kubandwa

3.1 Ryangombe na wenzake

Ni muhimu kutofautisha viwango. Mungu muumba katika imani ya Wanyarwanda ni Imana. Ryangombe na wenzake, wakiwamo Binego, Mugasa na Kagoro, ni imandwa, yaani mashujaa waliokufa na kupewa hadhi ya kuheshimiwa na kuombwa. Mapokeo haya yana jamaa zake katika eneo zima: Kiranga nchini Burundi, Lyangombe katika Bushi na Unyamwezi, Wacwezi katika Kitara, na Mugasha katika Buhaya, ambaye hulingana na Mukasa wa Buganda.

Masimulizi yanayofahamika sana yanaeleza kwamba ukuu wa imandwa ulibishaniwa kati ya Ryangombe na Mpumutumucuni, nao wakaamua kuucheza katika igisoro, mchezo ulio wa jamii moja na bao. Ryangombe alishindwa. Baadaye alirejeshewa ukuu kwa msaada wa mwanawe Binego, aliyemwonyesha hatua ya ushindi na kumuua mpinzani. Mwisho wake pia haukuwa wa ushindi: alikwenda kuwinda licha ya onyo la mama yake, akauawa na nyati, na mti wa umuko wenye maua mekundu ukawa mti wake mtakatifu. Kabla ya kukata roho aliagiza watu wamkumbuke kwa kupokewa katika ibada yake. Huyu basi ni mungu aliyepoteza cheo katika mchezo, aliyepuuza ushauri, na aliyekufa. Nguvu yake ilianzia katika kifo hicho na katika agizo aliloliacha.

3.2 Kupandwa badala ya kuzaliwa upya

Kitenzi kubandwa kiko katika kauli ya kutendwa: mtu hugandamizwa au hushikwa. Kiswahili nacho husema mtu amepandwa na pepo, na katika uganga wa pwani mtu huyo huitwa kiti. Lugha zote mbili zinakubaliana kwamba binadamu ndiye anayetendwa. Hadhi ya imandwa haimo ndani yake. Humjia, hukaa, kisha huondoka.

Wakati wa ibada, aliyepokewa huchukua nafasi ya imandwa fulani. Huvaa alama zake, huzungumza kwa namna yake, na waliohudhuria humwita kwa jina la imandwa huyo. Upokezi huwa na ngazi mbili, wenye miiko na siri, na mwali hupata wazazi wa kiibada wanaowajibika kwake. Wahutu, Watutsi na Watwa waliweza kupokewa. Mwami mwenyewe hakupokewa. Mamlaka ya dola na kiti cha imandwa vilitenganishwa.

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu maana ya upana huo. Wapo wanaouona kuwa kiungo kilichovuka matabaka, na wapo wanaosema ulikuwa njia ya kupoza machungu ya walio chini bila kubadili hali yao. Pia damu haikosi nafasi yoyote, kwani Binego humwokoa baba yake kwa kuwa ni mwanawe. Lakini jambo moja halina utata: mpaka kati ya Karisimbi na Nyiragongo haukuchorwa kwa kuzaliwa. Ulichorwa kwa kupokewa.

3.3 Nyabingi: kiti kinapogusa siasa

Kaskazini mwa Rwanda na Kigezi ya Uganda palikuwa na ibada nyingine, ya Nyabingi, ambayo wasemaji wake waliweza kukusanya wafuasi na mali. Muhumusa, aliyehusishwa na nyumba ya Mwami Rwabugiri, aliongoza upinzani akiwa na mamlaka hayo. Waingereza walimkamata mwaka 1911, wakamweka Kampala hadi alipofariki mwaka 1945. Mfano huu unaonyesha kwamba kuzungumza kwa jina la mungu hakukuwa maigizo yasiyo na gharama. Jamii iliyomkubali msemaji ndiyo iliyompa nguvu, na nguvu hiyo ilitosha kuzitia dola hofu.

4.0 Kanuni Tano za Uundaji

Kutokana na mantiki hiyo, zinapatikana kanuni tano ambazo mbunifu anaweza kuzigeuza kuwa taratibu za mchezo.

Kwanza, uungu uwe kiti. Katika maelezo ya mhusika, sehemu ya asili isiwe ukoo bali nafasi iliyo wazi kwa mchezaji yeyote aliyetimiza masharti. Wachezaji wawili waweze kukikalia kiti kimoja kwa nyakati tofauti, na kila mmoja aache kumbukumbu itakayomfunga anayefuata.

Pili, kiti kitolewe na wengine. Mchezaji asijitangaze. Apokewe na wachezaji waliomtangulia, wawili kati yao wakiwa wazazi wake wa kiibada, na kosa lake liwapunguzie nao hadhi. Hapo mhusika mwenye nguvu huwafunga wachezaji pamoja badala ya kuwafunika.

Tatu, nguvu iende na mwiko. Kila uwezo uambatane na jambo ambalo mhusika hawezi kulifanya, na masikio yake yawe na kazi: onyo analolipuuza, kama lile la mama yake Ryangombe, liwe na matokeo yasiyofutika.

Nne, mungu aweze kushindwa na kuondoka. Kipindi cha kupandwa kiwe na mwanzo na mwisho. Mhusika akisharudi kuwa mtu wa kawaida, abaki na madeni aliyoyafanya akiwa kitini. Ukuu wenyewe unaweza kushindaniwa kwa igisoro ndani ya mchezo, jambo ambalo limo katika masimulizi yenyewe.

Tano, mwenye dola asikalie kiti. Msimamizi wa seva, anayeweza kubadili kanuni na kuwafukuza wachezaji, asiruhusiwe kuwa imandwa. Kanuni hii iliyotokana na nafasi ya Mwami huzuia upendeleo unaoua michezo mingi ya pamoja.

5.0 Masuala ya Sera

Ubunifu huu unagusa urithi wa watu, hivyo hauwezi kuachiwa soko peke yake. Rwanda ina Sheria Na. 28/2016 kuhusu uhifadhi wa urithi wa utamaduni na maarifa ya jadi, na imeridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Katika ngazi ya Afrika ipo Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya shirika la ARIPO, inayohusu maarifa ya jadi na sanaajadi. Masuala matatu yanahitaji mwongozo wa wazi zaidi.

La kwanza ni siri. Misheni ya Nyundo, karibu na Gisenyi, ilianzishwa mwaka 1901, na wamisionari nchini Rwanda waliipinga ibada hii huku baadhi yao wakiiandika. Padri Arnoux alichapisha maelezo marefu kuihusu katika jarida la Anthropos kuanzia mwaka 1912. Kuchapishwa huko hakukuondoa siri kwa wale walioapa kuitunza. Mwongozo unaofaa ni kuruhusu masimulizi ya wazi yatumike, na maneno ya upokezi yasinakiliwe mchezoni.

La pili ni mahali. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Mei 2021 maelfu ya wakazi wa Goma walikimbilia Rubavu, na matetemeko yaliyofuata yaliharibu majengo ya Gisenyi. Mchezo unaoufanya mlima huo kuwa jehanamu unazungumzia pia watu waliopoteza jamaa na nyumba. Ni busara moto huo uonyeshwe kama mashaka ya asiye na wa kumpokea, na lava halisi isigeuzwe kuwa pambo la adhabu.

La tatu ni manufaa. Kampuni za michezo za Afrika zimekwisha kuonyesha uwezo: Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka 2016, na Leti Arts, yenye mizizi Ghana na Kenya, imebuni mashujaa kutokana na historia na masimulizi ya bara. Rubavu ina shule ya sanaa ya Nyundo yenye historia ndefu ya kufundisha uchoraji na uchongaji. Inteko y'Umuco, yenye dhamana ya lugha na urithi nchini Rwanda, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinaweza kushirikiana na wabunifu katika istilahi na uhakiki wa masimulizi. Mchezo wa Kinyarwanda na Kiswahili ungeweza kuchezwa pande zote mbili za mpaka na kufika mbali katika Jumuiya.

6.0 Hitimisho

Swali la nani anaweza kuwa mungu katika mchezo linaonekana kuwa la burudani tu. Hata hivyo, kila karatasi ya mhusika ni nadharia fupi ya binadamu: inasema thamani ya mtu inatoka wapi na nani ana haki ya kuithibitisha. Mapokeo ya kubandwa yanajibu kwamba hadhi hupokewa, huazimwa, hufungwa na mwiko na hurudishwa. Jibu hilo linaboresha uchezaji, kwa kuwa linagawa nguvu na kuzaa migogoro yenye uzito. Zaidi ya hayo, linampa mchezaji kijana wa Gisenyi njia ya kuigiza ukuu bila kuulizwa kwanza amezaliwa nani. Washauri wa sera wanaoandaa miongozo ya maudhui ya kidijitali wanapaswa kuanzia hapo, kabla hatua ya kwanza ya kuunda mhusika haijaandikwa na wengine.