Germanistiki

Germanistiki (kutoka Kijerumani: Germanistik) ni somo la chuo kikuu linalochunguza lugha ya Kijerumani, fasihi iliyoandikwa kwa lugha hiyo na jamii zinazoitumia. Hufundishwa katika vyuo vikuu vya Ujerumani, Austria na Uswisi, na pia katika nchi nyingi ambako Kijerumani ni lugha ya kigeni.

Somo hili lilianza kabla ya kuwepo kwa dola moja la Ujerumani. Kwa sababu hiyo limeandamana tangu mwanzo na swali moja: ni nini, na ni nani, ahesabiwe kuwa wa Kijerumani? Jibu lilibadilika mara kadhaa, na mafundisho yalibadilika pamoja nalo.

Matawi

Kwa kawaida Germanistiki hugawiwa katika matawi yafuatayo:

- Isimu huchunguza sauti, sarufi, maana na lahaja. Kwa mfano, "kufanya" ni machen katika Kijerumani sanifu na lahaja za kusini, lakini ni maken katika lahaja za kaskazini. Tofauti hiyo ni mojawapo ya alama zinazotenganisha Kijerumani cha Juu na Kijerumani cha Chini. Neno "juu" hapa halimaanishi ubora, bali nchi ya milima ya kusini.
- Fasihi ya kale huhusu maandiko ya Karne za Kati, kama vile utenzi wa Nibelungenlied ulioandikwa mnamo mwaka 1200. Wanafunzi hujifunza Kijerumani cha wakati ule, kwa kuwa hata maneno yanayofanana na ya leo yalikuwa na maana tofauti. Neno hôchgezît lilitaja sikukuu yoyote kubwa. Leo Hochzeit ni harusi tu.
- Fasihi mpya huanza takriban karne ya 16 na kufika hadi leo. Haifuati mipaka ya nchi: Franz Kafka, mmoja wa waandishi wanaosomwa zaidi, alizaliwa Praha mwaka 1883 katika milki ya Austria-Hungaria.
- Kijerumani kama lugha ya kigeni huandaa walimu wa lugha hiyo na hujumlisha elimu kuhusu siasa, historia na maisha ya kila siku katika nchi zinazosema Kijerumani.

Historia

Mwanzo

Mwaka 1810 Friedrich Heinrich von der Hagen alipewa nafasi ya profesa wa lugha na fasihi ya Kijerumani katika chuo kikuu kipya cha Berlin. Wakati ule Wajerumani waliishi katika madola mengi yaliyojitegemea; muungano ulifika mwaka 1871 tu. Wataalamu wengi waliona lugha kuwa ndiyo kitu kinachowaunganisha.

Waliojulikana zaidi ni ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, wanaokumbukwa pia kwa mkusanyo wao wa hadithi. Jacob alitoa juzuu ya kwanza ya sarufi yake mwaka 1819. Mwaka 1837 wote wawili walikuwa kati ya maprofesa saba wa Göttingen waliopinga hatua ya mfalme wa Hannover ya kufuta katiba, wakafukuzwa kazi. Mwaka 1846 Jacob aliongoza mkutano wa kwanza wa Wagermanisti mjini Frankfurt, uliokusanya wanasheria, wanahistoria na wataalamu wa lugha.

Juzuu ya kwanza ya kamusi yao kubwa ilitolewa mwaka 1854. Jacob alifariki mwaka 1863 akiwa amefikia neno Frucht (tunda). Kazi ilikamilishwa mwaka 1961 na wataalamu wa Berlin Mashariki na Göttingen, yaani wa pande zote mbili za Ujerumani iliyogawanyika, mwaka uleule ambapo ukuta wa Berlin ulijengwa.

Wakati wa Wanazi

Upendo wa lugha ya taifa uligeuzwa kwa urahisi kuwa silaha. Baada ya Adolf Hitler kushika serikali mwaka 1933, wataalamu Wayahudi walifukuzwa vyuoni, na wenzao wengi waliunga mkono utawala mpya. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vya waandishi waliochukiwa na Wanazi vilichomwa moto hadharani katika miji ya vyuo vikuu. Mjini Bonn profesa wa Germanistiki Hans Naumann alihutubia katika tukio hilo.

Uchunguzi maarufu kuhusu lugha ya Wanazi ulifanywa na mtu wa somo lingine. Victor Klemperer, profesa wa fasihi ya Kifaransa mjini Dresden mwenye asili ya Kiyahudi, alifukuzwa kazi mwaka 1935. Aliandika kwa siri jinsi maneno ya serikali yalivyoingia katika vinywa vya watu wa kawaida, hata wa wale walioteswa nayo. Kitabu chake LTI kilitolewa mwaka 1947.

Mabadiliko baada ya 1966

Kwa miaka mingi baada ya vita wataalamu wengi walinyamaza kuhusu hayo. Kwenye mkutano wa Wagermanisti wa mwaka 1966 mjini München, Eberhard Lämmert, Karl Otto Conrady na wengine walizungumzia waziwazi jinsi somo lao lilivyohudumia uzalendo mkali. Tangu hapo historia ya somo lenyewe imekuwa sehemu ya mafundisho.

Lugha na jamii ya leo

Mikataba ya kuleta wafanyakazi kutoka Italia (1955), Uturuki (1961) na nchi nyingine ilibadilisha jamii ya Ujerumani Magharibi. Watoto wao walianza kuandika vitabu kwa Kijerumani. Mwaka 1986 kilitolewa kitabu Farbe bekennen, ambamo wanawake Wajerumani weusi, akiwemo mshairi May Ayim, walieleza maisha yao. Wanaisimu nao huchunguza usemi wa vijana wa mitaa yenye lugha nyingi. Heike Wiese alieleza mwaka 2012 kwamba usemi huo ni lahaja mpya yenye kanuni zake, si Kijerumani kibovu. Hoja hiyo ilizua mabishano makali.

Afrika ya Mashariki

Nchini Kenya Kijerumani hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa Tanzania lugha hii ina umuhimu wa pekee kwa wanahistoria. Nyaraka nyingi za koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, zikiwemo zile zilizohifadhiwa Dar es Salaam, ziliandikwa kwa Kijerumani, na nyingine kwa mwandiko wa zamani uitwao Kurrent ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Asiyejua lugha hiyo analazimika kutegemea tafsiri za wengine kuhusu matukio kama vile Vita vya Maji Maji (1905–1907).