Hesabu ya Mwezi wa Mwanamke

Katika miji ya pwani, mwari aliyevunja ungo hukabidhiwa somo wake, ambaye humfunda adabu za hedhi na tohara na kumzoeza kuzihesabu siku zake; naye mwanamke wa Kiislamu aliyepewa talaka huikamilisha eda yake kwa hesabu hiyo hiyo, maadamu bado anapata hedhi. Elimu hiyo ina heshima na manufaa yake, walakini mambo yapitayo mwilini baina ya damu na damu yalibaki siri hata kwa matabibu mpaka karne ya 20, na hata leo aghalabu watu hukariri kwamba yai la mwanamke hupevuka siku ya 14, wakaifanya tarehe hiyo kuwa sheria ya wanawake wote. Sheria ipo kweli, ila hesabu yake huanzia mwisho wa mwezi na kurudi nyuma.

Siku ya kwanza ya mwezi ni siku ya kwanza ya damu. Hapo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ikipokea amri kutoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, hupeleka katika damu homoni ya kuvikuza vifuko vya mayai vilivyomo ndani ya ovari. Vifuko kadhaa huanza kukua pamoja, kisha kwa kawaida kimoja huvipita vingine, kikatoa kwa wingi homoni ya estrojeni, ambayo huunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba na kuufanya ute wa mlangoni mwake uwe mwepesi, wenye kuteleza na kuvutika. Estrojeni ikiisha kufika kilele chake, pituitari humwaga kwa ghafla homoni ya kulipevusha yai, na katika muda wa siku moja na nusu hivi kifuko hupasuka, yai likaingia katika mrija wa uzazi.

Kifuko kilichopasuka hakipotei. Hugeuka kitezi cha rangi ya manjano chenye kutoa projesteroni, homoni ambayo kazi yake ilidhihirishwa mwaka 1929 na George Corner na Willard Allen huko Rochester, Marekani, walipoweza kuihifadhi mimba ya sungura aliyeondolewa ovari kwa kumdunga dawa iliyotolewa katika vitezi hivyo. Projesteroni huutengeneza utando tayari kuipokea mimba, na hulipandisha joto la mwili kwa sehemu chache za kumi za digrii. Mimba ikitunga, kiini chake hutoa homoni ya kukiamuru kitezi kiendelee na kazi, na homoni hiyo ndiyo itafutwayo katika mkojo zahanati zinapopima mimba. Lakini isipotunga, kitezi husinyaa baada ya wiki mbili hivi, homoni zikashuka, utando ukabomoka, na hedhi ikarejea.

Umri huo wa kitezi ndio ufunguo wa hesabu yote. Kyusaku Ogino, tabibu wa mji wa Niigata, Japani, aliandika mwaka 1924 kwamba yai hupevuka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi ijayo, na Hermann Knaus wa Austria, kwa njia yake mwenyewe, akafikia rai iliyo karibu na hiyo. Basi mwenye mwezi wa siku 28, yai lake hupevuka yapata siku ya 14. Mwenye siku 35, yapata siku ya 21. Na mwenye siku 21, yapata siku ya 7, pengine damu ikiwa imekatika juzi tu. Nusu ya kwanza ndiyo irefukayo na kufupika, kwani ugonjwa, huzuni, njaa na kunyonyesha huweza kulichelewesha yai.

Manii huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hata siku 5, ilhali yai halivuki siku moja. Kwa hiyo siku za rutuba ni kama 6, zikikoma siku yai linapopevuka. Na kwa kuwa hedhi ijayo haijulikani kwa yakini mpaka ifike, mwenye kutegemea kalenda peke yake ili asishike mimba amejitegemeza kwenye jambo dhaifu. Bali mwenye kutafuta mtoto hufaidika sana kwa kuuangalia ute wake na kuandika tarehe zake miezi kadhaa mfululizo.

Elimu hii inatudai insafu. Mke ambaye mwezi wake haufanani na wa jirani yake si mgonjwa kwa sababu hiyo, kwani miezi ya siku 21 hadi 35 ni ya kawaida kwa mtu mzima. Na mtoto akichelewa mwaka mzima, au miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35, wajibu ni mume na mke kwenda kwa tabibu pamoja, maana katika takriban nusu ya ndoa kama hizo, mume naye ana sehemu yake katika sababu. Kumtaliki mke kwa utasa ambao haukupimwa kwa yeyote kati yao ni dhuluma, na mwenye kuifanya hana tena udhuru wa kutojua.