Antena ya Mpangaji

Jua linapotua katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, huenda ukamwona kijana juu ya mabati akizungusha antena, na mama yake akipaza sauti toka ndani: «Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo!» Kijana akishuka, picha nayo hutoweka. Baba hukasirika, akaazimu kununua televisheni mpya kwa fedha za unga na za shule.

Ndugu msomaji, ngoja kwanza. Mara nyingi televisheni haina kosa.

Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama mwanga. Kilima na majengo huyapunguza nguvu, na bati huyarudisha yalikotoka. Basi antena iliyo ndani, chini ya paa la mabati, ni kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Itoe nje, uiinue juu ya mlingoti. Ikiwa ni ile ya vijiti vingi, upande wa vijiti vifupi ndio uelekee mnara wa matangazo. Tazama pia antena ya jirani aonaye vema: vijiti vyake vikiwa vimelala, laza na vyako, vikiwa vimesimama, simamisha.

Kisha chunguza waya. Mvua ikiingia penye kiungo, shaba huoza. Kata ncha iliyoharibika, funga upya, zuia maji. Zamani picha dhaifu ilijaa chenga, lakini ilionekana. Matangazo ya dijitali sivyo: nguvu ikipungua kidogo tu, picha hukatika vipande au hutoweka kabisa.

Lakini paa si lako. Tundu moja la msumari ulilolitoboa wakati wa kiangazi litavuja masika, juu ya kitanda cha mwenzako. Hapo huzaliwa ugomvi, hata mpangaji akafukuzwa pamoja na watoto wake. Basi mwendee mwenye nyumba kabla ya kupanda. Patana naye, ikiwezekana kwa maandishi, mlingoti utasimama wapi, na utakuwa mali ya nani siku utakapohama. Afadhali usimamishwe uwanjani na kufungwa ukutani, bila kugusa bati. Tena jamaa za kiwanja kimoja zaweza kuchanga na kuweka antena moja njema, fundi akaigawa kwa kigawanyio cha kufaa.

Jambo moja halina mzaha. Mlingoti wa chuma ukigusa waya wa umeme huua. Uweke mbali nao. Na mvua za Katanga huja na radi. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa antena na wa umeme mapema. Radi ikiisha kufika, usiuguse tena. Wala usimpandishe mtoto juu ya paa kwa ajili ya mchezo wa mpira.

Picha safi ni jambo jema. Lakini jioni ile isiyo na picha, watoto wako salama, jirani hana kinyongo, nanyi mkasali pamoja: hiyo haikupotea.