Moshi Uliowasha Taa

Sogeeni, wanangu wa hapa Tunda. Nani amewahi kumtazama mchoma makala kazini? Hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hutia moto na kuziba. Kwa kuwa hewa ni haba mle ndani, kuni haziteketei, bali hugeuka makala. Nje hufuka moshi mzito, nasi hukohoa na kuulaani. Kumbe ndani ya moshi huo mna gesi inayowaka!

Mhandisi wa Ufaransa, Philippe Lebon, ndiye aliyeufuatia moshi huo. Alitia kuni katika chombo kilichofungwa, akakichochea moto kwa chini, gesi ikapita kwenye mabomba hadi kwenye taa. Serikali ilimpa hataza mwaka 1799. Mwaka 1801 aliwasha taa hizo katika nyumba moja mjini Paris, vyumbani na bustanini, na watu wakalipa kiingilio kuja kushangaa. Mwanga waliuona, na harufu mbaya waliisikia pia. Lebon akafariki mwaka 1804, kazi yake haijafika mbali.

Msijaribu nyumbani, nawasihi. Gesi hiyo ina sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu chumbani bila yeye kujua.

Wengine walitumia makaa ya mawe, kama yale yaliyochimbwa Lukuga, karibu na Kalemie. Jan Pieter Minckelers, mwalimu wa chuo kikuu cha Leuven katika Ubelgiji ya leo, aliyatoa gesi ya kurushia maputo, kisha akaangazia darasa lake kwa gesi hiyohiyo. William Murdoch, fundi wa mashine za mvuke, aliangaza nyumba yake kwa gesi kule Redruth, Uingereza, mwaka 1792.

Murdoch hakuishia nyumbani. Alikitia taa za gesi kiwanda kikubwa cha pamba cha Salford, jirani na Manchester, na mwaka 1808 akatoa hesabu yake: gesi iligharimu takriban pauni 600 kwa mwaka, wakati mishumaa ingekula 2,000. Tajiri gani angekataa? Jua la kipupwe huzama mapema kule, lakini sasa mashine ziliendelea kuzunguka gizani, na wafanyakazi, watoto wakiwemo, wakabaki nazo. Hilo halimo katika hesabu ya Murdoch.

Ya London, ambako mtaa wa Pall Mall uliangazwa kwa gesi mwaka 1807, nitawasimulia kesho. Mama zenu wanawaita.